Mmesahau ndoo ya sukari

Ndugu Mhariri,

Tangu mtoe ile makala ya rozela, yaani choya, na afya ya moyo, biashara yangu imechangamka. Nauza juisi Msamvu hapa Morogoro, na wiki mbili hizi ikifika saa nane mchana ndoo imekauka. Ningepaswa kushukuru na kunyamaza. Nimeshindwa kwa sababu ya mzee mmoja.

Ni mteja wangu wa siku nyingi, mimi namwita Babu. Juzi alikuja, badala ya glasi yake moja akaagiza chupa mbili za nusu lita. "Mwanangu," akaniambia kwa furaha, "vidonge vya presha nimevitupia kabatini. Gazeti limesema dawa ni hii yako."

Mimi ndiye ninayeipika hiyo dawa. Ndoo ya lita 20 inakula kilo mbili na nusu za sukari, maana choya bila sukari ni kali na wateja hawaigusi. Pigeni hesabu: kila chupa ya nusu lita ina zaidi ya gramu 60, kama vijiko 15 vya chai. Babu alikuwa anaondoka na chupa mbili.

Sisemi mmeandika uongo. Binti yangu anasomea uuguzi, nikampa gazeti alisome. Akanieleza kwamba ukuta wa ndani wa mshipa hutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi. Gesi hiyo ikifika kwenye misuli inayouzunguka mshipa, misuli inalegea, njia inapanuka, na damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu. Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi yake. Na ile rangi nyekundu ya choya, inayoganda kwenye kucha zangu mpaka jioni, ina viini ambavyo maabara zimeona vinauchochea ukuta ule utoe gesi zaidi. Nilifurahi kuyasikia, sikatai.

Lakini upo utafiti uliofanyika Boston, ukatoka mwaka 2010, ambao ninyi mliugusa kwa sentensi moja. Walikuwa watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo tu, na hawakuwa kwenye dawa. Kundi moja lilikunywa chai ya choya vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, jingine kinywaji cha kufanana nayo. Kwa wastani namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka pointi 7 kwa wanywaji wa choya, na pointi 1 na ushee kwa wenzao. Babu asipomeza vidonge hufika 180. Toeni 7, imebaki 173. Hapo kuna cha kushangilia?

Tena kuna mchicha. Mmesema una naitreti, ambayo bakteria wa kwenye ulimi huanza kuigeuza, na mwilini ikaishia kuwa gesi ileile. Sawa. Ila naitreti huyeyuka kwenye maji, na wengi wetu mchicha tunauchemsha, tunaukamua, maji tunamwaga, ndipo tunaunga. Sehemu nzuri ya hiyo faida inaishia mtaroni. Aliyeandika makala sijui kama anapika.

Naomba mrudi kwenye habari hii, na iwe ukurasa uleule kwa herufi kubwa zilezile, si kona ya masahihisho. Waambieni wasomaji kwamba aliyeandikiwa vidonge asiviache kabla ya kuongea na daktari, na hata choya amtajie, kwa kuwa nayo inashusha presha. Halafu mweleze namna ya kuiandaa bila sukari.

Kwa upande wangu nimeanza kuja na chupa ya chai ya choya tupu, yenye tangawizi na mdalasini basi. Hainunuliki. Babu jana alikunywa kikombe kimoja, akakunja uso, akauliza kama nimemkasirikia. Vidonge anasema amevirudia; nimemwambia kesho aje na pakiti nihesabu.

Muuza juisi,
Msamvu, Morogoro