Saratani haiponi kwa unga wa kuongeza kinga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie matangazo ya dawa za kuongeza kinga, ambayo siku hizi yanaahidi kutibu saratani: redioni, kwenye mabasi, hata magazetini.

Hoja ya wauzaji ni moja. Saratani imekupata kwa kuwa kinga yako imeshuka. Ipandishe, uvimbe utakwisha. Kuna chembe ya ukweli humo, na ndiyo inayowanasa watu. Mwanamke mwenye VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye na VVU. Lakini kinachomsaidia ni ARV na kupimwa mapema, wala si unga wa kwenye kopo.

Tena mara nyingi kinga haijapungua, bali imezuiwa. Seli T, askari wa kinga ambao kazi yao ni kuua seli zilizoharibika, zina protini kwenye utando wake wa nje iitwayo PD-1. Hiyo ni breki. Mwili umeiweka ili seli hizo, zikishamaliza kupambana na kirusi, zisije zikatugeukia wenyewe. Sasa seli nyingi za saratani huvaa protini nyingine, PD-L1, inayoshikana na PD-1, na zikishikana seli T inapoa. Kipande cha uvimbe kikiwekwa chini ya hadubini, huweza kuonekana seli T zimejaa tele ndani yake: zimefika, zimeutambua uvimbe, na hazifanyi lolote. Mgonjwa huyo ukimwongezea kinga, unamwongezea nini?

PD-1 iligunduliwa na kundi la Tasuku Honjo huko Kyoto, mwaka 1992. Mmarekani James Allison alishughulikia breki nyingine, CTLA-4, na mwaka 1996 akaonyesha kwamba panya waliozibiwa protini hiyo waliumaliza uvimbe kwa kinga yao wenyewe. Dawa ya kuzuia CTLA-4, yaani ya kuiachia breki hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, za kuzuia PD-1 zikafuata mwaka 2014, na mwaka 2018 wataalamu hao wawili wakatunukiwa Nobel. Jimmy Carter, aliyewahi kuwa Rais wa Marekani, alikutwa mwaka 2015 na melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyokwishafika kwenye ini na ubongo. Alifanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi, akapewa pembrolizumab, mojawapo ya dawa za kuzuia PD-1, na akaishi hadi Desemba 2024, akiwa na miaka 100.

Si wote wanaopona hivyo. Wagonjwa wengi hawapati nafuu kwa dawa hizi. Na breki ikiachiwa, seli T zinaweza kushambulia utumbo, mapafu, ini au tezi ya shingo, ndiyo maana dawa hutolewa hospitalini, daktari akifuatilia vipimo. Kinga iliyoamshwa kwelikweli huweza kudhuru. Kwa hiyo tangazo likisema "inaamsha kinga, haina madhara yoyote", hilo pekee linatosha kulitilia shaka.

Niliwahi kumpokea wodini mama mwenye saratani ya titi, uvimbe umeshapasua ngozi, kipande cha khanga kimekandamizwa kuzuia usaha. Mkobani alikuwa na makopo ya unga. Alipoanza kuugusa uvimbe ulikuwa kama punje ya harage, na muda wote huo alikunywa kijiko asubuhi na jioni akingoja kinga ipande. Mwanawe aliuza ng'ombe kulipia makopo hayo.

Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kuzuia PD-1 kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2019, kwa ajili ya melanoma, na mwaka 2025 likaongeza pembrolizumab kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa. Bei yake bado ni mzigo usiobebeka kwa familia zetu. Wizara na Bohari ya Dawa wakae na watengenezaji, na gazeti lako liwaulize wamefikia wapi.

Na kwako, Mhariri: kabla ya kupokea fedha za tangazo lolote linalotaja saratani, mtake mteja alete cheti cha usajili cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, au cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Asipokuwa nacho, mrudishie fedha zake.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro