Barua ya wazi kwa maafisa vijana na wote waliokabidhiwa madaraka

Wanangu,

Nawaomba mjifunze ujumbe mmoja wa kijeshi. Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, aliwaandikia wakubwa wake New York. Mtoa habari kutoka ndani ya Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu walioshiriki mauaji ya kimbari ya mwaka huo, alikuwa tayari kuonyesha ghala lenye silaha zisizopungua 135. Alisema ameamriwa kuwaorodhesha Watutsi wote wa Kigali, akihisi ni ili waangamizwe. Na kwamba askari wa Ubelgiji waliomo katika kikosi hicho watachokozwa na kuuawa ili nchi yao iondoe jeshi.

Habari zimeandikwa pamoja na zilikotoka. Kisha linakuja jambo ambalo wengi wenu mngelificha: kamanda anakiri kwamba mtu huyu amebadilika ghafla mno, na huenda ni mtego. Hata hivyo anataja atakachofanya, kuvamia ghala la silaha ndani ya saa 36, na anaomba mtoa habari alindwe. Huo ndio ujasiri wa akili ninaousema. Hakungoja uhakika kamili, wala hakujifanya anao.

New York ilimkataza, kwamba operesheni hiyo imevuka mamlaka aliyopewa. Woga wao ulikuwa na sababu: Oktoba 1993 askari 18 wa Marekani walikuwa wameuawa Mogadishu. Lakini waliipima Kigali kwa kipimo cha Mogadishu, na hapo ndipo fikra zilipokwama. Tarehe 7 Aprili, mauaji ya kimbari yalipoanza, askari 10 wa Ubelgiji waliuawa. Ubelgiji ikaondoa jeshi lake.

Baraza la Usalama likaamua, tarehe 21 Aprili, kikosi kipunguzwe hadi watu 270. Naibu wa Dallaire, Brigedia Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana, alibaki na Waghana wake, idadi ikazidi ile iliyoamriwa. Jina lake halitajwi vya kutosha barani kwetu.

Basi, kikaoni mwenye cheo cha chini aseme kwanza. Mkubwa akishatoa msimamo, wengine wataitikia tu. Anayepinga apewe ukurasa mmoja: anachokijua, alikokipata, anachokitilia shaka, anachopendekeza na mwisho wa muda. Ukurasa huo ufike kwa mwamuzi jinsi ulivyo. Msaidizi akiufupisha, shaka na onyo ndivyo vinavyokatwa kwanza, na mkuu anabaki kusoma kwamba hali ni shwari. Mkuu atie sahihi kwamba ameusoma, aandike sababu akikataa, na nakala ikae kwenye faili.