Masega Hayafi Bila Sababu

Juzi dada mmoja alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, pauni 70 kwa kuchomeka waya tu?" Ndiyo ada yangu ya kutafuta ubovu. Swali hilo nimelisikia mwaka huu kwa wateja wengi, basi nawajibu wote mnaoniletea magari ya petroli ya zamani hapa Uingereza yakiwa yameanguka MOT, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, kwa moshi. Ada ya MOT yenyewe haizidi pauni 54.85, kwa hiyo naelewa 70 inavyouma.

Karatasi ya vipimo vya moshi mnayopewa kwenye MOT msiitupe. Gari la kuanzia Julai 2002 kwa kawaida hutakiwa CO (gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi) isizidi asilimia 0.3 injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta na 0.2 likikanyagiwa, HC (petroli isiyoungua) isizidi sehemu 200 kwa milioni, lambda (kipimo cha hewa dhidi ya petroli) iwe kati ya 0.97 na 1.03. CO ikiwa juu na lambda chini, injini inakula petroli kupita kiasi: naanza na themostati iliyokwama wazi, sensa ya oksijeni, injekta inayovuja. HC ikipanda peke yake, natafuta plagi mbovu au koili inayoipa plagi umeme. Lambda ikizidi, kuna hewa inaingia pasipotakiwa, mara nyingi eksozi imetoboka. Hayo yote yakiwa sawa na CO bado iko juu, ndipo nayashuku masega, yaani kisafisha moshi kilicho ndani ya bomba la eksozi.

Wengi huanzia hapo mwisho. Bwana mmoja mwenye Corolla ya 2004 alinunua masega ya bei rahisi mtandaoni, akafunga mwenyewe, akapita. Mwaka uliofuata akaanguka tena. Nilipoyafungua yalikuwa yameyeyuka. Koili ya silinda ya tatu ilikuwa inakosa moto, petroli mbichi inaenda kuungulia ndani ya masega. Koili ilimgharimu pauni 35. Masega kayanunua mara mbili. Mwingine aliyatoa kabisa. Mkaguzi akiona hayapo, gari limeanguka hata mashine ya moshi haijawashwa.

Hizo pauni 70 ni kulitembeza gari mpaka lipate moto sawasawa, kusoma sensa likiwa linanguruma, kupuliza moshi kwenye mabomba kutafuta uvujaji. Ni zaidi ya saa nzima, na sikisii.

Yule dada wa ujumbe alikuwa ameambiwa kwingine anunue masega mapya. Tatizo lilikuwa ufa mwembamba kwenye eksozi, kabla ya sensa: sensa inaona hewa nyingi, kompyuta inaongeza mafuta. Nimeuchomelea kwa pauni 40. Lambda sasa ni 1.01, CO 0.1, na karatasi zote mbili za vipimo, ya kabla na ya baada, nimemwekea mezani.