Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya viwanda na biashara: Nani alipima kabla ya kuandika "haina gluteni"?

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani, kwa kuwa malalamiko yangu yamekwama kila nilipoyapeleka, na vyakula vinavyomdhuru mwanangu bado vinauzwa vikiwa na maandishi ya kumhakikishia usalama.

Binti yangu ana ugonjwa wa siliaki. Akila gluteni, yaani protini iliyomo katika nafaka za ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba, na chakula hakimjengi tena. Kabla ugonjwa haujagundulika alitibiwa minyoo na amiba mara kwa mara, huku akikonda na kupungukiwa damu. Dawa ya kuuponya haipo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Kwa sababu hiyo, maandishi ya kwenye pakiti tunayasoma kama tunavyosoma cheti cha daktari.

Wiki iliyopita nilinunua katika duka moja kubwa hapa Dar es Salaam boksi la konfleksi kutoka nje, lililobandikwa karatasi yenye maneno "Haina gluteni". Usiku ule binti yangu alitapika, tumbo likajaa hadi akashindwa kulala, na shule hakwenda. Niliilowesha ile karatasi kwa maji ya moto nikaibandua. Chini yake ilikuwapo orodha ya viambato iliyochapwa na kiwanda chenyewe, na humo kimeandikwa kimea cha shayiri. Nashuku aliyebandika alitafuta neno ngano, akalikosa, akaridhika. Meneja wa duka naye alinijibu kwamba mahindi hayana ngano. Ni kweli hayana, lakini shayiri iliyofichwa chini ya karatasi ataijibia nani?

Unga wetu wa mtama, wimbi na muhogo, ambao kwa asili hauna gluteni, nao unaharibikia mashineni. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kwa kuwa takriban sehemu moja ya kumi ya unga wa ngano ni gluteni, robo gramu tu ya unga huo inatosha kuharibu kilo nzima ya unga wa mtama. Kiasi hicho hubaki kwenye chekeche la mashine iliyotoka kusaga ngano, wala jicho halikioni. Maabara tu ndiyo hukiona.

Marekani iliweka kikomo hichohicho cha miligramu 20 mwaka 2013. Hata hivyo, mwaka 2015 kampuni ya General Mills ililazimika kurudisha maboksi milioni 1.8 ya Cheerios, nafaka za kifungua kinywa, baada ya unga wa ngano kuingia kwenye mitambo ya oti (nafaka tofauti na shayiri) isiyo na gluteni katika kiwanda cha Lodi, California. Ikiwa kiwanda cha namna hiyo kinaweza kukosea, ni kwa msingi gani sisi tunaliamini neno la mfanyabiashara ambaye hajapima chochote?

Mheshimiwa, mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulipohamishiwa Shirika la Viwango, tulielezwa kwamba mwingiliano wa majukumu utapungua na wafanyabiashara watarahisishiwa kazi. Sikupinga, na leo sipingi. Nakumbusha tu kwamba mlaji naye alikuwa akingoja sehemu yake.

Naomba asiruhusiwe mtu yeyote kuandika "haina gluteni", wala kubandika karatasi juu ya orodha ya viambato, bila cheti cha maabara cha shehena ileile anayoiuza. Naomba pia bidhaa ikikutwa na kosa, itangazwe kwa jina na iondolewe madukani. Kama yote hayo ni mengi kwa sasa, basi naomba hilo moja la kwanza: wapime kabla ya kuandika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Dar es Salaam