Shoga yangu, kuhusu huyo mtoto mnayetaka kumchukua

Shoga yangu, asalaam aleikum.

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa nimeshamaliza kuosha vyombo nimekaa barazani peke yangu, nikaona haya mambo siwezi kukujibu kwa voisi maana ntaanza kulia katikati, bora nikuandikie. Nisamehe ikiwa ndefu.

Kwanza nimefurahi, wallahi. Miaka tisa ya mahospitali na dawa za miti shamba na maneno ya watu kwenye shughuli, halafu shemeji mwenyewe ndo katamka twende tukachukue mtoto tulee. Wangapi wangekuwa wameshaleta mke mwingine ndani? Mpe salamu zangu nyingi sana.

Ila kuna kauli yako moja imenikaa, umesema unataka mtoto "wa kuziba pengo". Hapo ndo nataka tuongee, maana na mimi nilianza hivyohivyo, baada ya mimba zile mbili kuharibika nikawa nataka mtoto mdogo wa kubeba tu, na kijana wangu alishakuwa mkubwa.

Sisi tuliingia kwenye hii kitu 2019. Barua ya serikali ya mtaa, fomu, afisa ustawi wa jamii akaja nyumbani kaangalia tunalala wapi, choo, jiko, kauliza mpaka majirani kama tunapigana. Hamna hela tuliyotoa wala tuliyopewa. Kwenye makaratasi wanaita malezi ya kambo. Hilo neno kambo we unalijua, tumekua nalo kwenye hadithi za bibi, mama wa kambo ndo yule anamtuma mtoto maji usiku, basi mama mkwe aliposikia akaniambia "sasa unajiita kambo mwenyewe?" nikanyamaza, sikuwa na jibu.

Wa kwanza alikuwa Chidi. Aliletwa saa mbili usiku kavaa shati la mtu mzima, mkononi kashika kipande cha muwa hataki kukiachia. Aliokotwa stendi ya mabasi ya Msamvu, Morogoro, umri kama miaka miwili na nusu hivi, jina analolijua Chidi basi, la baba hajui la mama hajui. Usiku ule alilala amekaa. Sijawahi kuona mtoto analala amekaa, ukimlaza anashtuka anakaa tena, mpaka nikaegemea ukuta nikamuweka kifuani, na ndo tulivyolala wiki mbili nzima, mgongo unaniuma nasema yaa Rabbi huyu mtoto kaona nini. Alipofikisha mwezi wa nne kwetu ndo akacheka kwa sauti, kuku aliingia jikoni akadumbukia kwenye beseni la unga akatoka mweupe, Chidi akacheka mpaka akakaa chini, na mzee wangu akatoka chumbani mbio akidhani kuna kitu kimetokea.

Alikaa mwaka na miezi miwili. Halafu ustawi wakampata bibi yake, Singida.

Shoga, hili nataka ulielewe kabla hamjaenda popote. Malezi ya kambo si kwamba mtoto ameshakuwa wako. Ndugu wanatafutwa, na wakipatikana na wakaonekana wanafaa, mtoto anarudi kwao. Nilijua, nilisaini. Bibi alikuja, mama wa watu mzima kabisa, kamshika mjukuu wake uso kwa mikono miwili anamwangalia tu hasemi kitu, machozi yanashuka, na mimi nimesimama pembeni na sinia la chai. Ningemchukia vipi yule mama? Alikuwa anamtafuta mtoto wa mwanae mwaka mzima. Na huyo mama yake aliyemuacha stendi sitaki hata kumhukumu, sijui alifikishwaje hapo.

Siku ya kuondoka nilimfungia nguo zake na kikombe chake cha bati. Yeye anajua tunasafiri wote. Amekaa kwenye siti kwa bibi yake, anaona mi bado niko chini, akaanza kupiga kioo na kiganja, "mama panda. Mama panda, linaondoka." Basi likaondoka.

Miezi miwili nilikuwa napika uji wa watu wanne. Na watu, eti "si ulijua si wako?" Kwa hiyo nilie kwa nani? Mzee wangu ndo alinishangaza, yule unayemjua hana maneno mengi, alikuwa akirudi kazini anakaa nje kwanza, haingii ndani mpaka giza. Bibi anatupigia baadhi ya Ijumaa baada ya swala, mtu mwema sana. Chidi sasa anaongea Kinyaturu, mimi hanikumbuki vizuri, ananiambia shikamoo kama mgeni. Nafurahi yuko na damu yake, na bado nikikata simu naenda kukaa uani kidogo.

Nilisema sirudii tena. Nikarudia.

Huyu wa sasa namwita Bibie, alikuja na miaka sita, mkubwa, anajua kila kitu, ameshapita nyumba mbili kabla yetu. Alikuja na salfeti, ile ya mchele, nguo zake zote humo na imefungwa kamba. Nikampa kabati, nusu yake nusu ya kijana wangu, akasema ahsante, asubuhi naingia nakuta nguo zote zimekunjwa zimerudi kwenye salfeti na kamba imefungwa, salfeti iko kichwani kwake. Kila siku. Nilikuwa nazitoa naziweka kabatini, jioni zimerudi. Mpaka afisa ustawi, dada mmoja mpole sana, akaniambia mama muache, huyo yuko tayari kwa safari, ameshaondolewa mara mbili bila kuambiwa. Tangu hapo nikaacha, nikapiga msumari ukutani tukaitundika.

Alikuwa anakojoa kitandani na anaficha shuka uvunguni. Anadanganya vitu ambavyo havina hata sababu, umekula? sijala, na mdomo una mafuta. Mama mkwe akasema hizo tabia ni za ukoo wao, mchape. Sikumchapa na nilimwambia mama kwa heshima kwamba ndani ya nyumba hii hachapwi mtu kwa kukojoa. Ila nilikosea kwingine, nilimuogopa. Nilikuwa simgombezi kabisa kwa huruma, kijana wangu akivunja glasi anasikia, yeye akivunja nafagia kimyakimya. Siku moja kijana akaniuliza, "mama, na mimi ningeokotwa ndo ungenipenda?" Miaka kumi na moja, shoga. Niliumia moyo. Jioni nikawakalisha wote wawili nikawapangia kazi sawa, zamu sawa, na kukemewa sawa, na nakwambia siku niliyomgombeza Bibie kwa mara ya kwanza kwa kumwaga maziwa makusudi, alilia, halafu akaja kukaa karibu yangu pale pale jikoni, hakwenda nje.

Sasa mambo ya sheria na dini uliyouliza. Huku bara mtu akitaka mtoto awe wake moja kwa moja anaasili, ni Sheria ya Mtoto ya 2009, amri inatoka Mahakama Kuu, uwe na miaka 25 kwenda juu na umzidi mtoto miaka 21 au zaidi, na ikitoka amri basi ni kama umemzaa. Sisi hatukwenda huko sababu ya ile aya ya tano ya Suratul Ahzab, waiteni kwa baba zao. Bibie anabaki na jina la baba yake. Nyie huko Unguja sheria yenu ya watoto ya 2011 inaitambua kafala, kwa hiyo shemeji asiwe na wasiwasi, kulea yatima bila kumbadilisha nasaba ni thawabu, anaijua hadithi ya vidole viwili, Mtume aliposema yeye na mlea yatima watakuwa peponi karibu hivyo. Mirathi hapati, ila mnaweza kumpa hiba, yaani zawadi, mkiwa hai au kumuandikia wasia usiozidi theluthi, na hilo mliandike mapema, msiseme tutaona.

Na mkipata mchanga wa chini ya miaka miwili fikirieni kunyonya. Akiwa wa kike anyonyeshwe na wifi yako, maana akinyonya kwa dada wa mumeo, mumeo anakuwa mjomba wake wa kunyonya, hamna shida ya kujifunika mbele yake akikua. Akiwa wa kiume, mdogo wako amnyonyeshe, we unakuwa khaloo wake, yaani mama mkubwa. Sisi Mashafii tunahesabu anyonye mara tano. Muulizeni shehe wenu awapangie vizuri, ila msichelewe.

Umeniuliza nitampenda kama wa kuzaa? Kijana wangu nilimpenda kabla sijamuona. Bibie nilianza kwa kumpikia, kumchana nywele, kumfulia shuka, kuna siku nilikuwa nafanya bila kujisikia chochote zaidi ya kuchoka, na siku sijui ipi, mwaka jana mvua za masika, alichelewa kutoka madrasa nikatoka na ndala kila mguu rangi yake namtafuta kwenye matope. Ilikuwa imeshaingia, sijui iliingia lini.

Juzi alikuja kuniomba ile salfeti, anataka kuwekea maembe ya kumpelekea mama mkwe. Nikamuuliza na nguo? Kasema ziko kabatini. Nimeenda kuangalia, zipo, isipokuwa gauni moja na sweta, hivyo viwili kavirudisha kwenye salfeti baada ya kupeleka maembe, kamba kafunga. Salfeti iko msumarini, mi sijaigusa.

Nipigie Jumapili baada ya alasiri, mzee atakuwepo, nataka waongee na shemeji wanaume kwa wanaume.

Wako wa siku zote.