Meza isiyokuwepo

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama uache kazi ya kuunda programu za simu uje usomee uzamivu katika uhalisia pepe kama mimi, yaani ulimwengu wa kompyuta ambao mtu huuona kwa kuvaa miwani maalumu. Nimelifikiria swali lako siku nyingi. Acha nikusimulie kwanza jambo la wiki iliyopita.

Mama mmoja wa makamo alikuja kushiriki jaribio letu. Nilimvalisha miwani, nikampa vidhibiti viwili, akaanza kupanga vyombo juu ya meza aliyoiona humo. Alipomaliza alitaka kupumzisha mkono, akakiweka kidhibiti juu ya meza ile. Kikaanguka sakafuni, pa! Mkono wake ukabaki hewani ukipapasa, unatafuta ukingo wa mbao. Baadaye akajaza dodoso. Penye swali la kama alijihisi yumo ndani ya chumba kile, akajipa alama 2 kati ya 7.

Ningesoma dodoso peke yake ningesema hakuamini chochote. Mkono wake ulikuwa umeshaniambia vingine.

Kazi yetu iko hapo, kati ya mkono na dodoso. Mwaka 2009 mtafiti Mel Slater alitenganisha mambo mawili: hisia ya kuwa mahali fulani, na hisia kwamba yanayotukia mahali hapo yanatukia kweli. Mtu huzipata zote mbili huku akijua fika kuwa hakuna kitu. Makala hiyo niliisoma nikiwa mwanafunzi, lakini nadhani nimeielewa wiki iliyopita.

Kwenye uhalisia ulioongezwa, ambapo vitu vya kuchorwa huwekwa juu ya mazingira halisi, mambo hugeuka: meza ni ya kweli, kikombe ndicho cha kuchorwa, na kikielea kidogo tu juu ya meza jicho linakikataa.

Kinachonikosesha usingizi ni wanaougua kichefuchefu wakivaa miwani. Macho yanasema unatembea, sikio la ndani linasema umekaa, na tumbo ndilo linalolipa. Dodoso tunalotumia kupima hali hiyo ni la mwaka 1993, lina dalili 16, na lilitokana na majibu ya marubani wa jeshi la wanamaji la Marekani waliokuwa kwenye mashine za kuigiza urukaji. Leo tunampa bibi na mtoto wa shule. Kwa miaka mingi pia ilisemwa kwamba wanawake ni wepesi wa kuugua, kana kwamba kasoro ni yao. Mwaka 2020 mtafiti Kay Stanney na wenzake wakaonyesha kuwa sababu kubwa ni miwani yenyewe: lenzi hazikuweza kusogezwa zikalingana na umbali kati ya mboni zao. Nilipoisoma niliona hasira, kisha nikaona faraja, maana lenzi inarekebishika.

Ugumu upo, sikufichi. Kibali cha kamati ya maadili huchukua muda, na miwani uliyofanyia utafiti yaweza kuondolewa sokoni kabla makala yako haijachapishwa. Makala yangu ya kwanza ilikataliwa kwa sababu washiriki wote walikuwa vijana wa kiume wa darasa langu. Niliumia sana. Lakini wahakiki walikuwa na haki, na tangu hapo sianzi jaribio kabla sijajua nani hayumo.

Kwa hiyo ukija, usije kwa mapenzi ya mitambo. Mitambo unaijua tayari kunishinda. Njoo ukiwa tayari kukaa kimya nusu saa ukimtazama mtu, kushika ndoo pembeni anapopatwa na kichefuchefu, na kumwamini anapokwambia shingo inamuuma.

Yule mama anarudi Alhamisi. Safari hii tumeweka meza halisi, ya kimo kile kile, mahali pale pale anapoiona ndani ya miwani. Nataka uwepo atakaponyoosha mkono.

Nakusubiri,
Nduguyo