Mtuandikie bawabu mwenye kwao

Mhariri,

Mimi ni bawabu wa usiku katika jumba la kupangisha hapa Nakuru, na kazi hii humpa mtu nafasi ya kutazama vipindi vingi kwenye simu kuliko mwajiri anavyopaswa kujua. Naomba nafasi gazetini niseme machache kuhusu mabawabu na mayaya wa runinga zetu.

Tazama vichekesho vya siku hizi. Tajiri anafika langoni, anapiga honi, bawabu amelala. Anazinduka kofia ikiwa imemshukia puani, anapiga saluti kwa mkono wa kushoto, kisha anafungua kinywa, na hapo ndipo vicheko vya kurekodiwa vinapoanza kwa sababu 'r' imegeuka 'l'. Akishafungua lango, basi, kazi yake imekwisha. Hana mke, hana deni, mara nyingi hana hata jina. Ni "soja" tu. Yaya naye yuko jikoni anaunguza chakula huku ametega sikio mlangoni.

Sisemi lafudhi zipigwe marufuku. Huo ungekuwa upuuzi katika nchi hii. Marehemu Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na hadi alipofariki mwaka wa 2015 Wakenya walimjua kwa jina la Mzee Ojwang'. Wajaluo ninaofanya nao kazi humtaja kama mjomba wao. Ojwang' alikuwa na mkewe wa kipindini, Mama Kayai, wa kumjibu, alikuwa na hasira zake, ujanja wake na aibu zake. Ungemnyang'anya ile lafudhi, bado ungebaki na mzee wa kukuvunja mbavu. Hata katika kipindi cha Vioja Mahakamani, akina Makokha na Ondiek Nyuka Kwota walitufurahisha kwa jinsi walivyozungusha maneno kizimbani, si kwa matamshi peke yake.

Lakini aliyetuigiza sisi hasa ni Papa Shirandula wa kipindi chenye jina hilohilo, yaani Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020. Bawabu anamficha mkewe, Wilbroda, kazi anayofanya, anaaga nyumbani kama mtu wa ofisi! Wengi waliona ni uongo wa kuchekesha. Sisi tulimwona mwenzetu. Katika kituo changu cha kwanza kulikuwa na jamaa aliyekuja asubuhi na shati jeupe na tai, begani mkoba wa kompyuta usio na kompyuta. Ndani mlikuwa na sare, imekunjwa vizuri, na viatu vizito vimefungwa kwa gazeti. Alibadilisha nguo nyuma ya tangi la maji. Saa kumi na mbili jioni alifunga tena ile tai akisaidiwa na kioo cha gari la mpangaji, akaenda kupanda matatu. Hakuna aliyemuuliza. Kwa hivyo Papa alipokuwa akihangaika asigunduliwe, tulicheka, ndiyo, ila mwandishi wa kisa kile alijua kwamba mshahara huu humfanya mwanamume amwogope hata mke wake. Hilo halipatikani kwa kugeuza 'r' kuwa 'l'.

Kuhusu Awinja, yaya wa kipindi hichohicho, nyumbani kwangu hatuelewani. Mke wangu anasema anawaaibisha wasichana wa kwetu Magharibi. Mimi nasema Jacky Vike alimpa yule yaya ulimi wa kutosha, hata mwenye nyumba akifungua mdomo huwa ameshachelewa. Mke wangu hunijibu kwamba hata hivyo anayeosha vyombo ni yuleyule. Hajanishawishi, lakini jibu pia sijapata.

Filamu zetu zimewahi kulifanya jambo hili vizuri. Katika Nairobi Half Life ya mwaka wa 2012, iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga, Mwas anatoka kijijini kuja kutafuta uigizaji, anaibiwa punde tu anapofika Nairobi, kisha anajikuta rumande. Mwandishi mvivu angeishia hapo: mshamba kapotea mjini, tucheke. Lakini Mwas tulikuwa tumeshamwona kwao akiigiza sinema za mapigano mbele ya wanakijiji, tunajua anachokitaka, kwa hivyo mji ndio unaotuudhi. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, hakupewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu kule Durban kwa bahati.

Waandishi wa vipindi wakisema wameishiwa na visa, waje walale langoni usiku mmoja. Watamwona mpangaji anayehama saa nane usiku, godoro kichwani, akiniomba nitazame upande mwingine kwa sababu ana kodi ya miezi mitatu hajalipa, na mimi najua asubuhi nitakayeulizwa ni mimi. Watasoma daftari la wageni. Kuna bwana mmoja ambaye kila Ijumaa huandika jina la waziri, namba ya kitambulisho 12345678, na nyumba anayokwenda ni ileile. Siku mwenye nyumba hiyo anaporudi ghafla kutoka safari, ninayepaswa kuamua la kusema ni mimi mwenye kurunzi. Kipindi kizima kiko hapo, na sijalala hata kidogo.

Waje tu. Chai ipo, sukari waje nayo.

Bawabu wa usiku,
Nakuru